Kisa cha mzinga wa shemeji: baruti ipi inafaa kwa mzinga mdogo wa kupigia ishara

Shem wangu ni mtu wa Tanga ila miaka mingi sasa anaishi Maryland, upande wa Chesapeake Bay, na kwa vile kakulia kwenye ngalawa huko nako hakukaa mbali na maji, kajiunga na klabu ya watu wa mashua za matanga, wakamwona mtu makini wakamtwisha kazi ya kusimamia mstari wa kuanzia mashindano. Pamoja na bendera na honi wakamkabidhi mzinga. Sio mkubwa, unabebwa na watu wawili, umetengenezwa kwa mtindo wa ile mizinga ya meli za zamani, kigari cha mbao na magurudumu manne madogo, kasiba ya chuma imepakwa rangi nyeusi. Ulikuwa wa mzee mmoja mwanachama, akafariki, mjane wake akaupeleka klabu, karatasi yoyote ya maelezo hakuna.

Ikaja meseji usiku. "Shem shikamoo, we ndo fundi chuma wetu, hii kitu inakula baruti gani?" Ikafuata picha ya meza ya gereji yake ina makopo ambayo majirani na wana klabu wamemchangia kwa moyo mweupe kabisa: kopo la baruti nyeusi la jirani mwindaji limeandikwa FFFg, kichupa cha baruti mbadala ya vidonge, na mtungi wa baruti ya kisasa isiyo na moshi ambayo mtu alikuwa anajazia risasi zake za bunduki. Na mwingine kamshauri apasue fataki za Julai 4, sikukuu yao ya uhuru, achukue unga wa ndani.

Nikamjibu marahaba, hivyo vyote vifunike, mbali na jiko na mbali na watoto, nakuja wikiendi.

Mimi kazi yangu ni kukereza vyuma, na kupiga bunduki za kushindilia ni starehe yangu, kwa hiyo nilijua watu wengi hapa ndo wanapoanzia, wanauliza baruti kabla ya kuujua mzinga. Huu nilitaka kuujua kwanza, manake mizinga midogo ya mapambo iliyosubiwa kwa madini laini ya zinki inafanana kabisa na mzinga wa kweli ukiwa mezani, tofauti utaiona siku unapopasuka.

Ila hata kabla ya kupima kuna kitu cha kuhakikisha: umeshiba au mtupu? Sitanii. Januari 2013 pale Central Park, New York, wafanyakazi walikuwa wanasafisha kutu kwenye mzinga wa zamani wa meli ya kivita ya Kiingereza HMS Hussar iliyozama 1780, wakakuta ndani kuna tufe lake na karibu gramu 800 za baruti. Miaka yote hiyo ulikuwa umekaa kama pambo. Baruti nyeusi ikibaki kavu haizeeki kama dawa ya hospitali, haina tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwa hiyo tulichukua fimbo ya mbao, sio nondo, tukaiingiza taratibu mpaka ikagota, tukaweka alama usawa wa mdomo, kisha tukailaza fimbo juu ya kasiba kwa nje. Ncha ya fimbo ikawa imelipita tundu la utambi kidogo tu kwenda nyuma. Maana yake uwazi wa ndani unafika mpaka kwenye tundu, hakuna kitu kimekaa pale katikati, na nyuma ya tundu kuna chuma kigumu cha kutosha. Fimbo ingeishia inchi mbili tatu kabla ya tundu ningesema wote tutoke nje tuite watu wa mabomu.

Alafu kipimo chenyewe. Uwazi wa ndani ni inchi 1, yaani milimita 25 na ushee. Unene wa kasiba pale kwenye kitako kwa nje ni inchi 3, kwa hiyo ukutani kuna inchi nzima kila upande. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu kanuni ya zamani inayoshikwa na watu wa mizinga ni kwamba ukuta wa kitako, pale baruti inapowakia, usipungue upana wa uwazi wenyewe. Sumaku ikanasa, nikakwangua kidogo chini ya rangi mahali pasipoonekana, chuma cha pua, na ukiangalia mistari ya kisu cha leithi, ile mashine ya kukereza, unaona kabisa imekerezwa kutoka kwenye bonge moja. Sio bomba lililozibwa nyuma kwa kizibo cha kuchomelea. Bomba la kuchomelea ningekataa hapo hapo bila kujali baruti gani. Chuma cha kusubu nacho kina mashaka yake, ndani kinaweza kuwa na vipovu usivyoviona, ndio maana vyama vya watu wanaoigiza vita vya zamani huko Marekani vinadai kasiba za namna hiyo zivikwe bomba la chuma cha pua kwa ndani.

Nikaichukua hadi karakana, nikaipulizia ile dawa nyekundu ya kutafuta nyufa, kuzunguka tundu la utambi hasa, maana hapo ndipo moto hula. Safi. Tundu limepanuka kidogo kwa matumizi lakini bado liko kwenye hali nzuri.

Sasa turudi mezani kwa yale makopo.

La kwanza kutoka ni mtungi wa baruti isiyo na moshi, na hili sikutaka mjadala. Shem akasema "lakini si baruti tu shem, nikiweka kidogo sana?" Hapana. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, salfa na mkaa, na uungwana wake ni kwamba kasi yake ya kuungua haipandi sana hata presha ikipanda. Ile ya kisasa ni kemikali nyingine kabisa, nguvu yake kwa uzito ule ule ni kubwa zaidi, halafu kadiri presha inavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua haraka, na kuungua haraka kunapandisha presha tena. Kwenye bunduki ya kisasa iliyotengenezwa kwa hiyo kazi mambo yako kwenye mahesabu. Kwenye mzinga wa kushindilia kuna mawili, ama itafuka tu na kutapika punje nje bila mlio, ama itakutana na kitu kimeiziba kidogo iipasue kasiba yako. Na wewe umesimama hapo na kiberiti.

Unga wa fataki ndo usiseme. Ule wa kupasuka haujatengenezwa kusukuma kitu, umetengenezwa kupasua. Shem mwenyewe hilo alilitupa kabla sijafungua mdomo.

Baruti mbadala ilitupa kazi kidogo kuieleza, kwa sababu imeandikwa kwamba inafaa bunduki za kushindilia na ni kweli inafaa. Hizi zilikuja kwa sababu baruti nyeusi inawaka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo usafirishaji na utunzaji wake umebanwa sana, watu wakatafuta kitu kinachowaka kwa joto kubwa zaidi. Ya kwanza kushika soko ni Pyrodex, na aliyeibuni, Dan Pawlak, alifariki kwa mlipuko kiwandani kwake jimbo la Washington mwaka 1977, kwa hiyo tusidhani ni unga wa mtoto. Shida yake kwa kazi yetu ni moja tu, inataka kubanwa. Kwenye bunduki kuna risasi imeikandamiza na kiwashio cha moto mkali nyuma yake. Kwenye mzinga wa ishara hakuna kitu mbele, na moto unatoka kwenye kautambi kembamba. Matokeo yake unapata fshhhh na moshi, au hauwaki kabisa, na mtu akiona hivyo anafanya kosa baya la kuanza kuisindika na matambara mazito ili ibanwe. Kumbe hapo ameshageuza mzinga wa ishara kuwa mzinga wa kutupa kitu.

Likabaki kopo la jirani, FFFg. Hii ni baruti nyeusi halali, ya kiwandani, kopo halijafunguliwa. Hapa ndipo kisa chenyewe kilipo na hapa watu hubishana sana.

Hizo herufi zinaeleza ukubwa wa punje. Fg ni punje kubwa, kama milimita moja na nusu hivi, FFg inashuka mpaka milimita moja na chini yake, FFFg ni ndogo zaidi, FFFFg karibu unga, hiyo ni ya kuwekea kwenye kikaango cha gumegume tu, yaani bunduki za zamani za kuwashwa kwa cheche ya jiwe, na haijazwi ndani ya kasiba. Juu ya Fg kuna punje kubwa zaidi zinazouzwa kwa watu wa mizinga mikubwa. Baruti ni ile ile, kilichobadilika ni umbo. Punje inaungua kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo ukiigawa vipande vidogo eneo la kuwaka linaongezeka, punje ikipungua upana kwa nusu eneo la nje kwa uzito ule ule linakuwa mara mbili. Eneo kubwa linawaka kwa pamoja, gesi inatoka kwa pamoja, presha inapanda kwa mkupuo.

Wamarekani walijifunza hili kwa damu. Februari 28, 1844 kwenye meli ya USS Princeton, mtoni Potomac, sio mbali na anapokaa shem, mzinga mkubwa ulioitwa Peacemaker ulipasuka kwenye kitako mbele ya wageni wa heshima, ukaua mawaziri wawili, wa mambo ya nje Abel Upshur na wa jeshi la majini Thomas Gilmer, na wengine. Pale lawama ilikuwa ya chuma chenyewe, lakini miaka iliyofuata afisa wa jeshi Thomas Jackson Rodman akaanza kupima presha ndani ya mizinga na akaonyesha kwamba mzinga mkubwa unataka punje kubwa mno, mpaka zikafanana na kokoto, ili presha isimame taratibu badala ya kupiga chuma kama nyundo. Toka hapo ikabaki methali ya watu wa mizinga: mzinga, punje kubwa.

Na mimi nilikwenda kwa shem na hiyo hiyo kichwani. Nikamwambia FFFg mrudishie jirani akawindie paa, tutafute Fg.

Kuipata ndo ikawa shughuli. Maduka ya silaha mengi hayaweki baruti nyeusi kwa sababu kwa mizigo inahesabiwa kundi la 1.1D, yaani mlipuko wa jumla, wakati baruti za kisasa zinapita kwenye makundi mepesi zaidi. Posta haipokei kabisa, unaagiza kwa wauzaji wachache na unalipia gharama ya mzigo hatari, kwa hiyo watu huungana waagize pamoja. Halafu kuna historia yake: kiwanda kinachobeba soko la Marekani ni GOEX, ambacho mizizi yake ni kinu cha Du Pont cha Moosic, Pennsylvania, baadaye kikahamia Minden, Louisiana. Mwaka 2021 wenye nacho walitangaza kukifunga, watu wakafagia madukani kila kopo, mwaka uliofuata kampuni ya Estes ikakinunua. Ukikosa GOEX kuna Swiss inayotoka Aubonne kule Uswisi na Schuetzen ya Ujerumani, na hizi namba zake hazilingani sawasawa, Swiss hasa ina nguvu kuliko nyingine za punje ile ile, kwa hiyo ukibadilisha chapa unaanza upya kupima, usihamishe kipimo cha kopo hili kwenda kopo lile.

Kisheria shem hakuwa na tatizo, sheria ya shirikisho huko Marekani inaruhusu mtu kuwa na baruti nyeusi mpaka pauni 50 bila leseni ya milipuko, mradi iwe ya kiwandani na iwe kwa michezo, starehe au utamaduni kwenye silaha au vifaa vya aina ya kale. Ya kujisagia mwenyewe haimo kwenye huo msamaha. Jimbo na mji vina masharti yao juu ya hapo, kwa hiyo alipiga simu ofisi ya zimamoto ya mji wao na akaenda mwenyewe akaongea nao. Msisome hii mkiwa Dar au Nairobi mkadhani ni hivyo kila mahali, nyumbani baruti iko chini ya sheria ya milipuko na vibali vyake, Uingereza nako lazima uwe na cheti cha polisi.

Tulipata kopo la Fg na kopo la FFg, la pili nilichukua kwa ajili ya bunduki yangu, na ndo bahati yenyewe.

Tukaenda shambani kwa mwanachama mmoja ana tuta la udongo. Kiasi cha baruti sitakitaja hapa na nina sababu, mzinga wako sio huu. Kama mtengenezaji ana jedwali fuata jedwali lake, kama hana tafuta mtu anayeujua aupime, halafu anza chini kabisa ya kile atakachokuambia. Ila kuna mtego wa kipimo nautaja maana nusura utunase mchana kweupe. Wamarekani wanapima baruti kwa greini, na pauni moja ni greini 7000, gramu moja ni greini 15 na nusu hivi. Mizani ndogo ya kidijitali ina kitufe kimoja kinachozungusha vipimo, g ya gramu, gn ya greini, na vingine. Shem alikuwa ameisoma namba ile ile tuliyokubaliana na mimi nikaangalia pembeni kwenye kile kioo kidogo, herufi ilikuwa g tupu. Gramu, sio greini. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na tano ya tulichokubaliana! Kilima kile cha baruti kilivyokaa kwenye kikombe macho yangu yalishakataa, ila mtu ambaye hajawahi kuona kipimo sahihi angejuaje? Toka siku hiyo mizani ikawekwa kando, tunatumia kikombe cha shaba cha kupimia kwa ujazo, kimefungwa kwenye alama moja na kutiwa skrubu kisisogee.

Baruti haimiminwi kutoka kopo kuingia mdomoni mwa mzinga. Narudia hii kwa sababu hata kwenye sherehe za watu wazima nimeona. Kaa likiwa limebaki ndani kutoka mlio uliopita, moto unapanda na mkondo wa baruti mpaka kwenye kopo, na kopo ndilo bomu. Sisi tulifunga kila kipimo kwenye karatasi ya alumini nyumbani, vikakaa kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko, kimoja kinatoka kingine kinabaki. Kifungashio kinaingizwa kwa mdeki wa mbao ukiwa umesimama ubavuni sio mbele ya mdomo, kisha unakitoboa kupitia tundu la utambi kwa kijiti cha shaba, alafu ndo utambi.

Tukaanza na Fg. Utambi wa kijani ule wa dukani, kipande kirefu, sisi nyuma ya tuta.

Ukalia bummm, mlio mzito ila wa uvivu, wingu jeupe la kutosha kumfunika ng'ombe. Shem akafurahi kinoma. Mimi nikaenda kuangalia chini. Mbele ya mdomo majani makavu yalikuwa na vidoti vyeusi vingi na vingine bado vinafuka, punje zilizotoka zinawaka hazijamaliza kuungua, nyingine mbali hatua kadhaa. Tukasafisha kwa sponji ya maji, tukangoja, tukarudia, hali ni ile ile.

Nikajiuliza hizi punje zikiangukia gati la mbao lenye matanga ya kitambaa yamekunjwa pembeni na mashua za plastiki itakuwaje. Ndipo nikaikagua vizuri ile methali ya mzinga na punje kubwa. Rodman alikuwa na tufe la chuma zito mbele ya baruti. Tufe lina uzito, linachelewa kuondoka, baruti inapata muda wa kuungua, na punje ndogo hapo ni hatari kwa sababu presha inafika juu kabla tufe halijasogea. Mzinga wetu mbele yake hakuna kitu, kuna hewa tu. Presha haina kinachoizuia ikakaa, uwazi ni mwembamba na kasiba ni fupi, punje kubwa inatupwa nje ikiwa bado nusu nzima.

Tukajaribu FFg, kipimo kidogo kuliko kile cha Fg. Mlio ulikuwa mfupi na mkali, paa!, ule ambao mtu aliye katikati ya ghuba anageuza shingo, moshi kidogo zaidi, na chini nikakuta masizi na vidoti vichache karibu na mdomo tu. Kwa baruti pungufu tulipata mlio bora na cheche chache. Kwa mzinga wa uwazi wa inchi 1, mlio mtupu, gati la mbao, hukumu yangu ni FFg, na sishawishiki kurudi kwenye Fg kwa huu. Ungekuwa na uwazi wa inchi mbili au tatu ningerudi Fg au ile ya mizinga bila kusita. FFFg bado nakataa, sio kwamba ingeupasua huu mzinga kwa kipimo kidogo bila kitu mbele, ila klabu ina watu wengi, na siku mtu mwingine atakuja kuhudumu ataweka kizibo cha gazeti lililolowa ili ulie zaidi, au mtoto ataangusha mpira wa tenisi mdomoni mwa mzinga, na hapo nataka kopo lililo sandukuni liwe lile linalosamehe kidogo. Kizibo cha aina yoyote tumekataza. Hata karatasi.

Siku ya mashindano ya kwanza mzinga uligoma. Utambi ulifuka ukaingia tunduni, kimya. Kuna jamaa wawili wakaanza kusogea na shem akawarudisha kwa sauti ya nahodha, hakuna kugusa. Hapa watu wengi hawajui kitu ambacho kwa kweli kinaondoa presha yote: kwa sheria za mbio za matanga, kanuni ya 26, muda unahesabiwa kwa bendera, sio kwa mlio. Bendera ya onyo dakika 5 kabla, ya maandalizi dakika 4, inashuka ikibaki 1, halafu kuanza, na mlio usiposikika unapuuzwa. Kwa hiyo mzinga ukigoma hakuna kinachoharibika, bendera zikapanda, honi ikapigwa, mashua zikaondoka. Mzinga ukaachwa peke yake mdomo ukitazama maji mpaka mbio zile zikaisha, ukamiminiwa maji mengi tunduni na mdomoni, ndipo kifungashio kikatolewa. Sababu ilikuwa ndogo tu, kijiti hakikutoboa alumini, moto ukaishia nje ya karatasi. Sasa kijiti kina alama ya kina, kisipofika kwenye alama hauwekwi utambi.

Usafi nao ni sehemu ya kuchagua baruti nyeusi, anayeitaka aikubali na uchafu wake. Toka utafiti wa Noble na Abel huko Uingereza miaka ya 1870 inajulikana kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hii haigeuki gesi, inabaki kitu kigumu, ndio huo moshi na hayo masizi. Masizi yana chumvi zinazovuta unyevu wa hewa, na kando ya ghuba unyevu haukosi, ukilaza mzinga bila kuosha asubuhi kasiba ina kutu ya machungwa. Mafuta peke yake hayatoi. Ni maji ya moto na sabuni ya vyombo, unasugua, unamimina, yanatoka meusi yananuka yai viza, unarudia mpaka yatoke meupe, unakausha, ndo unapaka mafuta. Dada yangu alishapiga marufuku ndoo ile kuingia jikoni.

Makopo yako kwenye sanduku la mbao lenye ubao wa inchi 1, kila baruti kwenye kopo lake la kiwandani, kama kanuni za NFPA 495, za chama cha kuzuia moto cha Marekani, zinavyotaka kwa baruti nyeusi ya nyumbani isiyozidi pauni 20, na sanduku lenyewe liko juu ya rafu mbali na tanki la maji moto. Ule mtungi wa baruti ya kisasa umerudi kwa mwenyewe, na nilihakikisha umeondoka gerejini siku ile ile, kwa sababu punje zake nazo ni nyeusi na mtu akizikuta kwenye kikombe bila jina hatofautishi.

Juzi klabu ya jirani wamemuuliza shem wanunue mzinga gani, wanataka kama wake. Nimemwambia awaambie wasinunue kama wake. Watafute wa aina ya ule mdogo wa Winchester unaojazwa kwa nyuma, unaopiga risasi tupu za geji 10, zile za mlio tu, ulianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na bado klabu nyingi za mashua zinao, na wapo mafundi wanaotengeneza nakala. Risasi inakuja imeshapimwa kiwandani, hakuna kopo, hakuna mizani, hakuna utambi, ukigoma unasubiri kisha unaufungua nyuma. Shem kanuna kidogo, kasema huo hauna raha ya kushindilia. Ni kweli hauna, ila wao hawana fundi kereza kwenye ukoo.